Paka Ananenepa, Sulemani Anakonda

Buchari ya Sulemani iko Makutano, mjini Meru. Kila asubuhi Sulemani alikata nyama, akataniana na wateja, akachemsha supu ya mifupa. Lakini kwa miezi mitatu sasa alikuwa akikonda, na paka wake alikuwa akinenepa.

Mkewe, Mwanakombo, hakuwa mjinga. Siku moja wakila, alichungulia chini ya meza. Loo! Mumewe alikuwa akimtupia paka minofu yote.

"Baba Jamilah, unanichezea shere?"

Sulemani aliinamisha kichwa. "Haipiti, mama. Hata supu inakwama."

Hospitalini walimpima. Wakakuta saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Daktari alisema atatibiwa kwa mionzi, lakini kwanza awekewe mpira wa kumlishia tumboni.

"Mpira? Katu!" alifoka Khalifa, kaka yake Sulemani. "Jirani yetu Mbaka aliwekewa. Siku ya nne tukamzika!"

Mwanakombo aliingiwa na hofu. Harusi ya binti yao Jamilah ilikuwa imebakiza miezi miwili. Sulemani alikuwa ameapa kumchinja ng'ombe wa harusi kwa mkono wake mwenyewe. Je, angefika?

Kesho yake akaja nyumbani Winfred, muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Kila alilouliza, Khalifa alijibu, na kisa cha Mbaka akakirudia.

"Shemeji, ngoja kidogo," Mwanakombo alisema. "Mgonjwa ana mdomo."

Winfred akamgeukia Sulemani. "Mzee, unasikia njaa?"

Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza! Machozi yakamlengalenga. "Sista, hata usingizini naota nyama."

"Basi sikilizeni. Habari za Mzee Mbaka sizijui. Lakini kuna mgonjwa ambaye mwili wake unafunga kazi, siku zake zimekaribia. Huyo hasikii njaa. Ukimlazimisha, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Mpira haumfai. Tunamlowanisha midomo, tunamtuliza maumivu, tunakaa naye. Huko si kumtupa."

"Na huyu wetu?" Mwanakombo aliuliza.

"Huyu mwili unataka chakula, njia ndiyo imezibwa. Na matibabu yanamngoja. Hapo mpira unasaidia. Hautaponya saratani, na una shida zake. Unaweza kuziba, na ngozi inaweza kupata kidonda. Nitawafundisha."

"Na siku mwili ukikataa?" Khalifa aliuliza polepole.

"Tutakaa tena, tuamue. Kuwekewa si kiapo."

Wote walimtazama Sulemani.

"Niwekeeni," alisema. "Nina ng'ombe wa kuchinja."

Mpira uliwekwa, na matibabu ya mionzi yakaanza. Mwanakombo akajifunza kumkalisha wima, kumpa chakula laini kilichochujwa, kisha kusuuza mpira kwa maji safi. Khalifa naye, kwa mapenzi ya ndugu, siku moja akamimina supu nzito ya mafuta. Mpira ukaziba!

Winfred alikuja kuuzibua. "Mzee Khalifa, hili ni tumbo, si sufuria ya buchari!"

Sulemani alicheka mpaka akashika mbavu. Kuanzia hapo Khalifa alichuja supu mara mbili, na akamgombeza yeyote aliyechuja mara moja.

Siku ya harusi ikafika. Sulemani alitoka amevaa kanzu nyeupe, kisu mkononi. "Bismillahi, Allahu akbar!" Ng'ombe akachinjwa, na vigelegele vikapaa mpaka barabarani.

Wageni walipokula pilau, Sulemani aliketi wima kando ya Jamilah. Mwanakombo akampa supu yake, taratibu, kupitia mpira.

"Bado?" akamuuliza.

Sulemani alipapasa tumbo. Neno hili alikuwa hajalitamka kwa miezi mingi.

"Nimeshiba. Alhamdulillahi."

Mwanakombo alipiga kigelegele kikubwa kuliko wanawake wote. Chini ya meza, paka alingoja sana. Siku hiyo hakuangushiwa hata mnofu mmoja.