Chelangat na Mbio za Kufukuza Kuku

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, Chelangat alikuwa tayari barabarani na mtungi wa maziwa. Aliufikisha kwenye kituo cha maziwa, akarudi mbio, akanywa kikombe cha chai akiwa amesimama, kisha akabeba vitabu na kukimbia kilomita sita hadi Shule ya Msingi ya Chebutiet. Mwaka ulikuwa 1994 na alikuwa darasa la saba. Katika mbio za mita elfu moja na mia tano, hakuna msichana wa tarafa ile aliyewahi kuuona uso wake wakati wa kumaliza. Waliona mgongo tu. Chelangat alionelea kwamba hata huo mgongo ulikuwa zaidi ya walivyostahili.

Mbio fupi aliziona kama turungi, ile chai isiyo na maziwa: kitu cha kumpa mtu usiyemtaka arudi tena kwako.

"Mita mia moja?" aliwaambia wenzake. "Hizo ni mbio za kufukuza kuku. Unaanza, unamaliza, jasho lenyewe halijapata habari."

Wenzake walicheka. Waliocheka zaidi ni wale ambao hawangeweza kumfikia hata huyo kuku.

Basi fikiria uchungu wake siku Mwalimu Nyamwange alipomtia katika timu ya mbio za kupokezana kijiti. Mwalimu Nyamwange ndiye aliyesimamia michezo. Tumbo lake liliingia uwanjani kwanza, filimbi ikafuata, halafu mwenyewe. Alipanga wasichana wanne, kila mmoja mita mia moja: Nelvine aanze, Rodah apokee, Ayoo awe wa tatu na Chelangat amalize.

Ayoo alikuwa mtoto wa Mama Syprose, mchumaji wa majani chai katika shamba kubwa lililopakana na shule. Walikuwa wametoka upande wa ziwa miaka miwili tu iliyopita. Kilomita sita zingemlaza Ayoo hospitalini, lakini katika mita mia moja alikuwa balaa. Mbwa wa mlinzi wa shamba alishaacha kumkimbiza kwa kuona aibu.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Mwalimu Nyamwange aliwaonyesha kijiti. Kilikuwa kipande cha mwanzi alichokikata mwenyewe, nacho kilikwaruza mikono kama paka.

"Anayepokea haangalii nyuma," alisema. "Anaanza kukimbia mwenzake akifika kwenye alama, ananyoosha mkono nyuma, anawekewa. Tutafanya hivyo kila jioni."

"Mwalimu," Chelangat aliuliza kwa adabu iliyotia shaka, "kweli nijifunze kupewa kitu? Hata mtoto mchanga hupewa uji bila kufanya mazoezi."

"Na wote humwagika kifuani," Ayoo akajibu.

Watu walicheka, na safari hii hawakucheka upande wa Chelangat. Tangu siku hiyo alikuwa na kazi nyingi za nyumbani kila jioni. Ng'ombe wa kwao, kwa maelezo yake, walikuwa wakizaa kila wiki.

Ijumaa moja shule jirani ya Tulwopmoi ilikuja kwa mashindano ya kirafiki. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa jivu la jikoni. Mwalimu Nyamwange na shule nzima walijazana mwisho wa uwanja, mahali pa kumalizia, kwa sababu binadamu hupenda kutazama mtu akishinda kuliko kutazama mtu akijitahidi. Kule kwenye kona ya mwisho, ambako Chelangat alisubiri, hapakuwa na mtazamaji. Palikuwa na ua la michongoma, na nyuma ya ua majani ya chai.

Nelvine alianza vizuri. Rodah hakuharibu. Ayoo aliikata kona kama aliyeibiwa kitu, akawaacha Tulwopmoi hatua tano nyuma. Alipita alama. Chelangat alikuwa amesimama tu, mikono kiunoni, kama mama mkwe anayesubiri kuamkiwa.

"Kimbia!" Ayoo akapiga kelele. "Nyoosha mkono!"

Chelangat aligeuka mzima mzima, akakinyakua kijiti kwa pembeni, kikamgonga vidole na kuanguka. Alikiokota. Halafu, badala ya kuchomoka, alifanya alivyozoea katika mbio ndefu: alimwacha msichana wa Tulwopmoi atangulie, akatulia nyuma yake akipumua kwa mpango, akimsoma. Alinuia kumpita mwishoni. Alikuwa bado anasoma ukurasa wa kwanza wakati mwenzake alipokata utepe.

"Kumetokea nini?" Mwalimu Nyamwange aliuliza.

Chelangat hakuwahi kushindwa, kwa hiyo hakuwa na jibu lililo tayari. Akachukua lililokuwa karibu.

"Ni Ayoo. Amenirushia kijiti kama mtu anayerushia mbwa mfupa."

"Mimi?" Ayoo alishangaa. "Wewe ndiye umesimama kama mlingoti!"

"Kwani kijiti kimejirusha?"

Mwalimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mmoja alikuwa bingwa wa tarafa. Kuna watu hudhani miguu ikiwa na mbio, ulimi nao hauna uongo, na siku hiyo Mwalimu Nyamwange alikuwa mmoja wao. Ayoo akatolewa katika timu, na Bilhah wa darasa la sita akawekwa mahali pake.

Mashindano ya tarafa yalikuwa Kiptere baada ya wiki mbili. Timu mbili za kwanza zingekwenda Kericho. Chelangat angekwenda kwa vyovyote, kwa mbio zake ndefu. Ayoo hakuwa na mbio nyingine. Jioni hiyo aliirudisha bukta ya shule kwenye meza ya mwalimu, ameifua, ameikunja mara nne.

Jumatatu mwalimu alimlazimisha Chelangat kufanya mazoezi. Bilhah alikuja na kijiti, Chelangat akageuka kutazama, kijiti kikaanguka. Mara ya pili kikaanguka. Mara ya tatu kiliviringika hadi kwenye viatu vya Mwalimu Nyamwange.

"Ajabu," mwalimu alisema polepole. "Ayoo yuko nyumbani, na bado anaangusha kijiti. Huyo mtoto ana mkono mrefu."

Hakuna aliyecheka. Chelangat alisikia masikio yakimwaka. Kucheka kungekuwa afadhali.

Jumamosi alikuwa akitoka kupeleka chai ya kwao kwenye kituo cha majani, kikapu kitupu mgongoni, alipopita kando ya lile shamba kubwa. Mama Syprose alikuwa kwenye mstari wa mwisho karibu na njia, amejifunga aproni ya plastiki.

"Nyathina," alimwita, neno lake la kumwita mtoto yeyote, hata mtoto aliyemkosea. "Wanasema kwenu wewe ndiye mwenye mkono mwepesi. Hebu nisaidie mstari huu."

Kwa sifa, Chelangat angeweza kuchuma hata kuzimu. Akaingia. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, kisha konzi nzima juu ya bega hadi kikapuni. Hakuna jani lililoanguka.

"Mbona huangalii kikapu?" Mama Syprose aliuliza.

Chelangat alimhurumia. "Mama Ayoo, kikapu kiko mgongoni. Kitaenda wapi?"

"Na ukigeuka kila mara kukitafuta?"

"Nitapoteza mstari, na majani yatamwagika. Hata mtoto anajua."

"Ehe," Mama Syprose alisema. Aliendelea kuchuma. "Ijumaa ile nilikuwa hapo nyuma ya ua, karibu na kona yenu. Niliona mtu mmoja akigeuka kutafuta kikapu."

Mikono ya Chelangat ilisimama hewani. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani mbio fupi: mita mia moja tu, kutoka hapo hadi mahali pengine popote.

"Utamwambia mwalimu?"

"Mimi? Nimeandikwa kuchuma chai ya kampuni. Sikuandikwa kuchuma uongo wako. Chuma mwenyewe." Kisha akaongeza bila kuinua macho, "Ayoo hajala vizuri tangu Ijumaa hiyo. Hilo pia uliweke kwenye kikapu chako."

Jumatatu, mbele ya Nelvine, Rodah na Bilhah, Chelangat alimwendea Mwalimu Nyamwange. Alikuwa amepanga hotuba ndefu yenye sababu nyingi, nyingine zikiwahusu ng'ombe. Alipofungua mdomo, zilitoka sentensi mbili tu.

"Mwalimu, Ayoo hakunirushia kijiti. Niligeuka nikakiangusha, halafu nikadanganya."

Mwalimu Nyamwange alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Nami nilikuamini bila kuuliza, kwa sababu unashinda. Hilo ni kosa langu, nitamwomba Ayoo msamaha. Lako, utalipeleka mwenyewe. Chukua bukta hii."

Ayoo alikuwa mlangoni kwao akipepeta mahindi. Alimtazama Chelangat, akaitazama bukta.

"Nisamehe," Chelangat alisema kwa sauti ya mbu.

"Nani? Sikusikia. Mama! Njoo uone, kuna kuku amekuja mwenyewe, hata hatukumfukuza."

"Nimesema nisamehe. Nilikusingizia. Wewe ulifanya vizuri, mimi ndiye sikujua kazi."

Ayoo alipepeta ungo mzima kabla hajajibu. "Utakuja mazoezi kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na ng'ombe wenu?"

"Wameacha kuzaa."

Hapo Ayoo akacheka, ingawa hakutaka.

Kwa siku chache zilizobaki walikimbia pale kwenye kona hadi jivu likafutika. Ayoo aliweka jiwe kuwa alama. Alipolipita, Chelangat alichomoka. Ayoo alipoita "Shika!", mkono wa Chelangat ulikwenda nyuma, kiganja wazi, macho mbele. Siku ya kwanza kijiti kilianguka mara tisa, ya pili mara nne. Chelangat aligundua jambo la kumvunja moyo: mbio za kufukuza kuku zilikuwa ngumu. Usiku miguu yake ilimuuma mahali ambapo hakujua ana miguu.

Kiptere, siku ya mashindano, kulikuwa na timu nane. Rodah aliteleza kidogo, na Ayoo alipokea kijiti akiwa wa sita. Alilamba kona. Wa tano, wa nne, wa tatu. Chelangat aliliona jiwe ambalo Ayoo alikuwa ameliweka hapo pia kuwa alama, akamwona akilipita, akageuza uso mbele na kuondoka kama aliyepigwa na nyuki. Kila mfupa mwilini mwake ulitaka kugeuka.

"Shika!"

Mkono ukaenda nyuma. Mwanzi ukatua kiganjani, ukimkwaruza kama kawaida. Safari hii hakumsoma mtu yeyote. Alikimbia tangu hatua ya kwanza kama hakuna kesho, akampita mmoja, akamaliza wa pili kwa upana wa kifua. Wa pili ilitosha. Ayoo alikuwa anakwenda Kericho.

Jioni, wakisubiri gari la shule, Mwalimu Nyamwange aliwakusanya. Alijaribu kuonekana mkali.

"Chelangat, katika mbio ndefu mtu anaweza kuzembea mzunguko mzima na bado akarekebisha. Mita mia moja hazikupi nafasi hiyo. Uliidharau kazi kwa kuwa ilionekana ndogo, na ulipoiharibu ukamtwika mwenzako. Mkono wako wa leo umejifunza kwa jasho. Lakini kijiti kisingefika kwenye mkono huo kama mdomo usingesema kweli kwanza. Nyote mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu," waliitika, na safari hii ilikuwa kweli.

Walitembea kuelekea gari, Chelangat mbele, Ayoo nyuma akitafuna hindi la kuchoma. Njaa ilimshika Chelangat. Bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kwa madaha ya bingwa.

"Shika!" Ayoo akasema.

Chelangat akashika, akapeleka mdomoni, akauma. Lilikuwa gunzi tupu.

"Ukitaka mahindi," Ayoo alimwambia akimpita mbio, "hapo unaruhusiwa kuangalia nyuma."