Aliyebisha Chini ya Bafu

Mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Mutu wa kuchekesha watu akipewa jini, hulivalisha kofia. Nivumilieni mpaka mwisho; aibu yangu iko huko.

Mama Kadidja wa mtaa wa Birere alinunua beseni la kuogea, la chuma lililopakwa rangi nyeupe, zito hata wanaume wanne walilibeba wakitukanana njia nzima. Mama yake mzazi hakuweza tena kusimama, na Kadidja alikuwa ameapa kumwogesha akiwa amelala. Lakini bafu lao lilijengwa juu ya lava iliyoganda baada ya volkano kulipuka mwaka wa 2002, na chini ya lava ile kuna nyumba ya zamani iliyomezwa nzima, na milango yake. Akamwita fundi Barthélemy apime kama sakafu itabeba beseni, maji na mama mzee.

Barthélemy alipiga magoti, akalaza sikio kwenye saruji, akagonga kwa mpini wa nyundo. Kando ya ukuta palikuwa pagumu. Katikati palilia kama ngoma.

"Mama Kadidja, hapa chini iko wazi."

"Wazi sana, papa?"

"Ngoja nisikie tena." Ko, ko, ko.

Chini kukajibu: ko, ko, ko.

Harufu ya kiberiti ikapanda, ikawakaba koo.

"Si mimi," Barthélemy akanong'ona.

"Nyamaza, papa. Usiitikie."

Hawakuitikia. Ila nje ya dirisha sauti ya mwanaume, yenye furaha ya mutu asiyejua kitu, ikasema: "Karibu, ingia, chakula kiko tayari."

Sakafu ikapasuka. Mkono mweusi, wenye kukwaruza kama jiwe la lava na bado wa moto, ulitoka mpaka kwenye kiwiko, ukamkamata Barthélemy juu ya kifundo cha mguu, ukavuta, mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa gotini, na Kadidja akamkumbatia kifuani akivuta juu huku kile kitu kikivuta chini, na kila kilipovuta kichwa cha fundi kiligonga beseni lililokuwa likisubiri kando ya ukuta na damu ikatiririka juu ya ule weupe, mpaka Kadidja akaokota nyundo akaupiga ule mkono, akaupiga, akaupiga, vipande vyake vikimrukia usoni na kumwunguza, wala usiachie hata kidole.

Mwalimu Djibril, shemeji wa Kadidja, akaja mbio kutoka sebuleni. Akasoma Kurani mpaka sauti ikamkauka.

"Unataka nini?" akauliza.

"Nilibisha," kikajibu kutoka chini, kwa adabu ya mgeni. "Nikakaribishwa. Nikaambiwa chakula kiko tayari."

"Huyu si chakula. Ni fundi."

"Mwenyeji wangu ni nani, basi?"

"Aliyekuitikia. Mwachie huyu, umtafute yule."

Mkono ukaachia, ila ukaenda na wayo wake mzima. Siku hizi Barthélemy anatembea kwa gongo, mama mzee anaogeshwa kwa ndoo, na kuku wanataga ndani ya beseni.

Djibril alizunguka mtaa mzima akiuliza nani alijibu. Wote walikana. Jirani mmoja, aliyekuwa amepita pale dirishani na mswaki mdomoni, alikana kwa sauti kubwa kuliko wote, tena akamlaumu fundi kwa kugonga hovyo.

Jirani huyo ni mimi. Nilidhani kuna mgeni mlangoni, nikafanya mzaha. Tangu hapo kunabishwa chini ya kitanda changu kila alfajiri, na mimi, mjinga niliyelelewa vizuri, kila mara najibu kwamba hakuna mutu nyumbani.