Mkunga, Mkwewe na Begi la Tangi

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mkunga hutoa pikipiki yake uani. Hukagua taa. Hukagua breki. Huugusa mnyororo kwa kidole aone kama umelegea. Kisha huvaa helmeti, hufunga mkanda wake chini ya kidevu, na kwenda kazini.

Kazi yake ni kuwatembelea kina mama waliojifungua. Huwapima presha. Huwapima watoto uzito na kutazama kama vitovu vimekauka vizuri. Nyumba zenyewe zimetawanyika, na nyingine ziko kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari. Ndiyo maana kituo cha afya kilimpa pikipiki. Alikuwa mwanamke wa kwanza pale kituoni kupewa, naye alijivunia jambo hilo waziwazi.

Shida yake ilikuwa mzigo. Begi la mgongoni lilimchosha mabega, na kila alipotaka glavu au tochi ilibidi alivue. Siku moja alimwambia mumewe kwamba anataka kununua begi la tangi. Ni begi dogo linalokaa juu ya tangi la mafuta, mbele ya dereva, ili vitu vya karibu viwe karibu kweli.

Mumewe ni mchora mabango. Aliweka brashi chini. "Ununue begi katika nyumba hii? Baba akisikia, tutahama."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Baba yake ni fundi wa ngozi. Watu humwita Shazia, kwa ile sindano kubwa ya kushonea magunia, kwa sababu haimtoki mkononi. Karakana yake iko kwenye kona ya mtaa huohuo. Mafundi wengine wana msumari ukutani wa kutundikia kazi zilizorudishwa na wateja. Shazia hakuwa na msumari huo. Mgeni akiingia, kabla hajapewa kiti, huonyeshwa ule ukuta mtupu.

"Kazi yangu hairudi," Shazia husema. Na kweli, ilikuwa hairudi.

Habari za begi zilimfikia, maana katika mtaa ule siri ni ya mtu mmoja. Alinuna nusu siku. Kisha akamwita mkwewe karakanani, akamwambia alete kila kitu anachobeba. Mkunga akaleta mizani, mashine ya presha, maboksi ya glavu, chupa za dawa ya kusafishia, tochi, koti la mvua na kadi za kina mama. Mzee akavipanga vyote juu ya meza na kuvipima kimoja kimoja. Hakuuliza swali lolote.

Begi lilipokamilika, majirani walikuja kulitazama. Lilikuwa la ngozi nene ya ng'ombe, limeshonwa mara mbili, lina vifungo vya shaba na mifuko kila upande. Shazia alilifunga juu ya tangi kwa mikono yake, pikipiki ikiwa imesimama wima uani. Likakaa pale kama bwana harusi. Mkunga alitokwa na machozi. Alisema wakwe wengine hutoa maneno, lakini wake ametoa begi. Mzee alitazama pembeni, akajifanya anatafuta uzi.

Kesho yake mkunga alitoka nalo. Alipofika kwenye kona ya karakana, akakunja kushoto. Usukani ukagota kwenye begi, na honi ikalia yenyewe.

Akashtuka. Akanyoosha usukani, honi ikanyamaza. Ndipo alipoona tatizo. Begi lilikuwa pana na refu kupita kiasi. Kila alipokata kona ya kushoto, ubavu wa begi ulibonyeza kitufe cha honi. Alipotaka kuona mshale wa mwendo, ilibidi anyanyuke kidogo kwenye kiti. Na alipotaka kujaza mafuta, ilibidi afungue mikanda yote.

Ndani ya karakana, Shazia alisikia honi. Akaweka nyundo chini.

"Mnasikia?" aliwauliza wateja wake. "Huyo ni mkwe wangu. Ananisalimu kwa ajili ya begi langu."

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi honi ilipolia, mzee alitoka mlangoni na kuinua mkono. Mkunga naye aliinua kichwa na kutabasamu, huku akipigana na usukani. Jioni mzee aliwasimulia watu jinsi mkwe wake anavyojua heshima. Mkunga angefanya nini, maskini? Amwambie nini mtu aliyefurahi namna ile?

Alianza kuzikimbia kona za kushoto. Palipokuwa na njia fupi, alizunguka njia ndefu. Alimwomba mumewe azungumze na baba yake. Mumewe akasema funika kombe mwanaharamu apite, labda ngozi italainika. Mkunga akamuuliza kama ngozi ikilainika hupungua pia. Mume akarudi kwenye mabango yake.

Kwa kweli hata yeye alikuwa na hofu. Usiku alisikiliza pikipiki ikirudi, na mpaka isimame uani hakuweza kukaa kitako. Aliijua ile barabara kuu, na aliyajua malori yake. Pikipiki isiyokunja usukani vizuri haiwezi kukwepa kitu. Lakini alimwogopa baba yake kuliko malori, na hilo ni kosa la wanaume wengi wazima.

Na mkunga mwenyewe? Huyu ndiye aliyewaambia kina mama kila siku, "Mama, sema panapouma. Mficha uchi hazai." Wenzake wakasema, naye akaficha la kwake.

Likatokea asubuhi, mbele ya karakana. Mkunga alikuwa anakata ile kona, mwendo wa polepole. Mkokoteni wa maji ukajitokeza ghafla. Alitaka kukunja zaidi kidogo tu, ampishe mwenye mkokoteni. Usukani ukakataa. Begi lilikuwa limeuzuia. Akashika breki, pikipiki ikalala upande, naye akalala nayo.

Honi ikalia. Safari hii haikunyamaza.

Shazia alitoka na tabasamu lake la kila siku, mkono umeshaanza kuinuka. Akamwona mkwewe chini. Akaja mbio, msharasi wa kutobolea ngozi bado uko mkononi. Mkunga alikuwa anajivuta kutoka chini ya pikipiki. Kiwiko kilichubuka na goti liliuma. Kichwa hakikuguswa, kwa sababu helmeti ilikuwa imefungwa vizuri.

Honi iliendelea kulia. Mzee aliinama kuizima. Akaona begi lake limekandamiza kitufe. Akalisukuma kwa kidole, honi ikanyamaza. Akaliachia, ikalia tena.

Alikaa chini palepale, mavumbini.

"Kumbe ulikuwa hunisalimu," alisema.

"Baba, nisamehe. Nilishindwa kukwambia."

"Tangu siku ya kwanza?"

Mkunga akaitikia kwa kichwa. Nadhani hilo lilimchoma mzee kuliko tusi. Siku zote hizo alikuwa akiitikia salamu ya begi, na mtoto wa watu alikuwa akienda barabarani na hatari ambayo yeye mwenyewe ameishona mara mbili.

Ng'ambo ya barabara kuna gereji ya mwanamke anayeitwa Mama Plagi. Alikuja, akamtazama mkunga kwanza, kisha pikipiki. Hakumcheka mtu. Aliinua pikipiki, akaisimamisha, akaligonga begi kwa vidole.

"Ushonaji huu sijawahi kuuona," alisema. "Mzee, nikuulize. Ukimpimia mtu kiatu, unampima amekaa au amesimama?"

"Amesimama," Shazia alijibu bila kuinua macho. "Mguu ukibeba mwili hutanuka. Ukimpima amekaa, kiatu kitambana."

"Na hii pikipiki uliipima inafanya nini?"

Mzee aliutazama usukani, akalitazama begi. Kisha akainuka, akajipangusa suruali.

"Sikuipima kabisa," alisema. "Nilipima mzigo. Kunja huo usukani nione."

Mama Plagi akaukunja kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Akamwambia mzee kwamba begi la tangi hupimwa hivyo, dereva akiwa amekaa kwenye kiti chake. Usukani ukikunjwa pande zote mbili, begi lisiguse usukani, wala vitufe, wala nyaya za klachi na breki. Dereva akikaa kawaida, aone mshale wa mwendo na taa zake bila kunyanyuka. Akiinama mbele kidogo, begi lisimkite tumboni. Kama moja halitimii, begi hilo si la pikipiki hiyo, hata likiwa zuri namna gani.

Mkunga aliuliza kuhusu mabegi ya dukani. Mama Plagi akasema mengine yana sumaku chini, na sumaku hushika tangi la chuma tu. Tangi la plastiki litaliacha begi lidondoke njiani. Tena kadi ya benki haipendi kukaa karibu na sumaku. Mengine yana mikanda, na hayo hufaa karibu kila tangi. Mkanda wa mbele uzungushwe kwenye chuma cha fremu. Usipite juu ya waya wala mpira wa mafuta. Ncha za mikanda zikunjwe na kufungwa, zisining'inie.

Kisha akafungua begi na kuanza kutoa vitu. Alitoa mizani, akatoa chupa. Alipoishika mashine ya presha alitikisa kichwa.

"Dada, tangi si stoo. Ukifunga breki ghafla, tumbo lako linakuja mbele. Linakutana na nini? Na chuma. Vitu vizito na vigumu viweke nyuma kwenye keria, ndani ya sanduku, uvifunge vizuri. Huku mbele weka vyepesi na laini. Glavu, koti la mvua, kadi zako. Chenye uzito kidogo kikae chini kabisa, katikati."

Shazia alikuwa amepiga magoti, anatazama rangi ya tangi. Chini ya begi palikuwa pamechubuka mistari mistari. Mama Plagi akamweleza kwamba vumbi likikaa kati ya begi na tangi husugua rangi kama msasa. Tangi lifutwe kwa kitambaa safi kila mara kabla ya kuweka begi, na chini ya begi pawe laini. Na wakati wa kujaza mafuta, begi litoke kwanza. Tena lisikibane kifuniko cha tangi, maana vifuniko vingi vina tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa, injini inaweza kuzimika njiani.

"Basi," alisema mzee. "Nimesikia. Lete pikipiki ndani."

Mkunga alisafisha kiwiko chake mwenyewe, akapumzika siku hiyo, na mwenzake akamshikia zamu. Shazia alifunga mlango wa karakana. Aliyekuja na kiatu aliambiwa arudi kesho. Mkunga aliketi kwenye pikipiki yake, katikati ya harufu ya ngozi na gundi, akakunja usukani kushoto na kulia kila alipoambiwa. Mzee alikata karatasi ngumu, akaiweka juu ya tangi, akaipunguza, akaiweka tena. Mumewe alikuja kushika karatasi. Aliambiwa na baba yake kwamba mwanamume anayemwacha mkewe azunguke njia ndefu kwa sababu ya woga anastahili kuvalishwa begi hilo shingoni. Alicheka, lakini aliona haya, na ilimstahili.

Begi la pili lilitoka dogo na fupi, limelegezwa mbele kama ulimi wa kiatu. Mzee aliacha ngozi nene, akatumia turubai imara na ngozi laini kwenye pembe tu. Chini alishonea sponji na kitambaa laini. Vifungo vya shaba vilitoka, vikaja vya plastiki vinavyofunguka kwa kidole kimoja. Juu palikuwa na mfuko wa kuzuia mvua, na sehemu ya kifuniko cha mafuta ilikuwa wazi. Na nyuma, kwenye keria, lilikaa sanduku la vitu vizito.

Mama Plagi alilijaribu mwenyewe. Akakunja usukani kushoto mpaka mwisho. Kimya. Akakunja kulia. Kimya. Akamtazama mzee, akampa mkono, na mkono huo mzee anausimulia mpaka leo.

Siku hiyohiyo Shazia alichukua nyundo, akapigilia msumari kwenye ule ukuta mtupu. Akatundika begi la kwanza. Mgeni akiingia sasa huonyeshwa hilo, kabla hajapewa kiti.

"Kazi yangu hii ilirudi," husema, kifua mbele. "Ikanifundisha. Lete pikipiki yako, na wewe mwenyewe ukae juu yake." Na wanakuja. Wasambazaji wa barua, wauza mayai, mwalimu wa shule ya mbali, wote wameketi ndani ya ile karakana wakikunja usukani huku na huku.

Lakini asubuhi ile ya kwanza ya begi jipya, mzee hakuwa na wateja. Alikaa kwenye kigoda chake na kiatu mapajani, hashoni. Alijua pikipiki itapita. Alijua pia kwamba haitalia, kwa kuwa begi amelishona ili honi isilie. Hiyo ndiyo kazi nzuri, alijiambia. Na moyo ulimuuma hata hivyo.

Pikipiki ikaja. Mkunga akakunja kushoto, usukani mwepesi, begi limetulia. Kona ikaisha bila sauti yoyote. Mzee akainama, akaingiza uzi kwenye sindano.

Ndipo mkunga akasimama kando ya barabara. Akatazama nyuma mpaka akauona mlango wa karakana. Akaweka kidole gumba juu ya kitufe, akabonyeza honi mwenyewe, kwa nguvu, tena na tena, mpaka mzee akatoka nje na mkono juu.