Hayupo, Ova

Mshale wa mita ulipogoma kushuka, Agustino Sulle alidhani ni waya. Fundi mwenye akili huanza na waya. Wanaoanza na majini ni wakuu wa idara.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga wakati huo, una mihuri mingi kuliko viti, na ofisi yake pale Katesh ilikuwa imepewa redio ya kuongea na Babati, yenye nguvu za kifaranga. Agustino, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, akaleta kutoka nyumbani kikuza mawimbi cha valvu alichokiunda mwenyewe. Kazi ya kifaa hicho ni kumeza wimbi dogo na kulitema likiwa kubwa. Leo kiligoma kumeza. Kila alichokituma kiligonga mlangoni, kikarudi, na mshale, unaopima kinachorudi, ukaonyesha hivyo bila aibu.

Akabadilisha waya. Akasafisha relei, swichi ya ndani. Akachomoa valvu na kuweka rezista mahali pake: mshale ukalala chini kabisa, maana yake njia ya kuingilia ni nzima. Akarudisha valvu, ukasimama juu tena. Akaweka valvu mpya, ukasimama. Ndipo chumba kikaanza kunuka kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, harufu ya jikoni kwa mama yake, kijijini Maretadu.

"Nani kaleta maziwa?" akauliza.

Mkuu wake, Bwana Urban, akachungulia. "Maziwa? Hilo dude lako lina jini. Andikia Mkoa barua, nakala kwangu."

Agustino akacheka, akavaa hedifoni. Katikati ya mvumo akasikia sauti ya mwanamume, tulivu, ya kiofisi. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Hayupo. Ova."

Akazivua kama zimemuunguza.

Mwezi uliopita wageni wa Mkoani walijaa chumba hiki hiki redio ya misheni ilipoita, na spika ikatoa sauti ya mama yake, Bernadina, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Mimi nataka Agustino. Mimi mama." Mgeni mmoja akatabasamu. Agustino, masikio yakimwaka moto, akashika maiki.

"Shikamoo mama. Hayupo. Ova."

Mama akaitikia: "Marahaba, Agustino." Akaongeza: "Akija, ambia yeye mama alitaka sikia sauti tu."

Walimzika mama kabla mwezi haujaandama, na waombolezaji wakampa Agustino pole kwa bahati mbaya ya kutokuwepo ofisini siku ile.

Mkewe, Kornelia, aliingia na chakula cha mchana, akasimama mlangoni akinusa.

"Baba Lucia," akanong'ona, "hii ni harufu ya kwa mama."

"Unaisikia na wewe?"

"Ulimkosea nini?"

"Sikumkosea."

Hakuna aliyegusa maiki, lakini mshale ulipanda. Kornelia akarudi nyuma, chakula bado mkononi. "Muite, baba. Mwambie ukweli." Akatoka nje kusali.

Agustino akabonyeza maiki na akaanza kwa sauti ya chini, mama shikamoo, ni mimi, na mshale ukaanza kushuka, na valvu ikang'aa nyekundu kama kaa la jikoni, na harufu ikamjaa kifuani hadi akahisi kuna mtu ameinama nyuma ya bega lake, mtu mfupi mwenye shuka lenye moshi, asiyepumua, anayesikiliza, na mshale ukashuka, ukashuka, siku ile mama mimi nili—

Mlango ukafunguka. Bwana Urban, na wageni wa Mkoani nyuma yake.

"Unaongea na nani, fundi?"

Wageni wakatabasamu. Masikio yakamwaka.

"Si mtu, bosi. Najaribu mitambo."

Mshale ukaruka hadi mwisho. Valvu ikazimika. Harufu ikaondoka yote, kama mtu aliyechukua shuka lake akaenda.

"Na huyo fundi mwenyewe yuko wapi?" mgeni mmoja akauliza.

Bwana Urban akakitazama kiti alichokalia Agustino. "Si alikuwa hapa sasa hivi?"

"Nipo, bosi!"

Hakuna aliyegeuka. Akapiga kelele; kelele ikawagonga, ikamrudia yote kifuani. Kornelia akaingia. Agustino akamshika mkono, akambana kwa nguvu. Mkewe akajikuna tu pale alipobanwa, kama aliyetuliwa na nzi.

"Baba Lucia?"

Spika, iliyokuwa imechomolewa ukutani, ikajibu kwa upole wa kiofisi:

"Hayupo. Ova."

Kornelia akaweka chakula mezani, mbele ya mikono ya mumewe.

"Haya. Akija, mwambieni chakula chake kipo."