Wilbaro Kumi kwa Ziwa Zima

Zeituni aliuza nguo za mitumba za watoto katika soko la Kibuye. Mumewe, Hemedi, alifuga samaki ziwani, karibu na ufuo wa Nyakwaru. Alikuwa na vizimba viwili. Kizimba ni kama chumba cha wavu kinachoelea majini. Ndani yake Hemedi aliwalisha samaki aina ya ngege kila asubuhi. Alikuwa amewalisha kwa miezi sita. Ilibaki miwili tu wawe tayari kuvuliwa, na nyumba nzima iliingoja siku hiyo.

Jioni mume na mke walikutana nyumbani, wakala, wakapeana habari. Zeituni ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Ulimi wake ulikuwa mkali, na simu haikumtoka mkononi. Sokoni watu walisema, "Ukitaka kucheka, mfuate Mama Zuhair kwa Facebook." Zuhair alikuwa mtoto wao wa kwanza.

Mwezi wa tano magugu-maji yakaja. Upepo uliyasukuma mpaka yakafunika ufuo wote. Ukiangalia kutoka juu, ulidhani ni shamba la sukumawiki. Mashua zilikwama. Hemedi alitumia nusu siku kuwafikia samaki wake.

"Yakifunika vizimba, nimekwisha," alimwambia mkewe.

"Kwani samaki hawaishi majini? Magugu yatawafanya nini?"

"Hata majini samaki anahitaji hewa, Mama Zuhair. Magugu yakifunika maji, hewa inaisha. Samaki wa nje atatoroka. Wangu wako ndani ya wavu. Watatorokea wapi?"

Watu wa ufuo wakapiga kelele. Wakangoja. Mwishowe ofisi moja ya serikali ikatoa tangazo kwenye Facebook. Ingetoa wilbaro kumi, yaani toroli za kusukuma kwa mkono, na jozi ishirini za viatu vya gambuti, ili wananchi waondoe magugu. Kulikuwa na picha ya afisa ameshika wilbaro mpya, anatabasamu meno yote nje. Chini ya picha waliandika, "Haba na haba hujaza kibaba."

Tuseme ukweli: lilikuwa tusi. Magugu yameziba ziwa mpaka macho yanachoka, na mtu mzima anakuja na wilbaro! Zeituni alilisoma tangazo kibandani kwake, na damu ikamchemka.

Tangazo lilikuwa refu. Mwisho kabisa palikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Ilisema kwamba ufuo wowote unaotaka mashine ya kuondoa magugu ulete ombi la maandishi ofisini kabla ya tarehe kumi na nne. Zeituni aliiona mistari hiyo. "Maneno yao tu," alisema moyoni. Akaikata, kwa sababu iliharibu utani. Akabakiza picha ya afisa na wilbaro yake. Juu yake akaandika: "Magugu yameona wilbaro kumi. Yameanza kufunga mizigo."

Kufikia jioni, watu elfu arobaini walikuwa wameiona. Mmoja aliandika, "Wilbaro ni za nini? Kubeba aibu yao?" Mwingine akaandika, "Buda, ngoja kwanza. Mwaka ujao wanaleta vijiko." Mwingine, "Kibaba kimejaa, sasa kinanuka." Watu wa Migosi walicheka, watu wa Awasi walicheka, hata watu wa Nairobi wakacheka. Katika grupu ya WhatsApp ya ufuo wa Nyakwaru, picha ile ilipita mara kumi. Tangazo lenyewe halikupita hata mara moja.

Hemedi naye alicheka mpaka akafuta machozi. "Mke wangu, umewamaliza!" alisema.

Wiki tatu zilipita. Magugu hayakusoma Facebook. Asubuhi moja Hemedi alifika kwenye vizimba akakuta ngege wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Alivuta magugu kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu. Aliyavuta upande huu, yakarudi upande ule. Kufikia saa sita mchana samaki wote walikuwa wamegeuka, matumbo juu. Ilikuwa zaidi ya miezi sita ya kazi, na yote ilianza kunuka kabla ya jioni.

Kesho yake Hemedi alikwenda ofisini kwa hasira. Alirudi jioni.

"Wamesema nini?" Zeituni akauliza.

"Wamesema mashine ilikuwepo. Imepelekwa ufuo mwingine. Wale walileta ombi, sisi hatukuleta. Wanasema ilikuwa kwenye tangazo." Akamtazama mkewe. "Ombi gani, Mama Zuhair? Wewe ndiye uliyelisoma lile tangazo."

Zeituni angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Ilikuwa chini kabisa," alisema. "Niliikata."

"Uliikata kwa nini?"

"Nilitaka watu wacheke."

Hemedi akasukuma sahani kando. Kisha akasema, "Watu elfu arobaini walicheka. Jana nilikuwa peke yangu nikiokota samaki." Akatoka nje. Chakula alikiacha mezani.

Usingizi haukumpata Zeituni. Asubuhi alikwenda kwa Mama Nazneen, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi karibu na soko. Mama Nazneen alikuwa amewaandikia watu barua kwa miaka thelathini, na ofisi zote za mji alizijua.

"Nichapie bango kubwa," Zeituni alisema. "Andika: Serikali imeua samaki wetu."

"Nitachapa. Halafu utalipeleka wapi?"

"Nitalipiga picha, niweke Facebook. Safari hii watanitambua!"

Mama Nazneen akavua miwani. "Mama Zuhair, ile ya wilbaro niliiona. Nilicheka sana. Na unajua nani mwingine alicheka? Wao wenyewe, kule ofisini. Utani haujibiwi. Kesho watu wanacheka kitu kingine. Lakini barua ikishapokelewa, lazima mtu aijibu."

"Barua wanatupa kwa ndoo ya takataka."

"Ile isiyo na muhuri, ndiyo. Sikiliza. Unapeleka barua mbili zinazofanana. Moja unawaachia. Ya pili wanaipiga muhuri wa kupokea, na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Hapo hawawezi kusema haikufika."

"Na niandike nini? Mimi si wakili."

"Huhitaji wakili. Andika kama unavyomwambia jirani. Magugu yako wapi? Yalikuja lini? Yamewadhuru nani? Mnataka nini, na lini? Matusi weka kando, hata kama wanastahili. Kisha watu waweke majina, nambari za kitambulisho na sahihi. Katiba yetu inampa kila raia haki ya mazingira safi, na haki ya kuomba habari serikalini. Uliza pia mashine iko wapi na itakuja kwenu lini. Habari ukiiomba kwa maandishi, sheria inawapa siku ishirini na moja kujibu."

Zeituni aliinama. "Samaki wetu wamekufa tayari, Mama Nazneen."

"Najua. Wa Amolo je?"

Amolo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo. Vizimba vyake vinne vilikuwa upande wa mbali, na magugu yalikuwa bado hayajavifikia. Zeituni alipomletea barua, alitikisa kichwa.

"Yawa! Mama, barua? Hawa watu hawasomi. Weka tu picha ingine, ile kali."

"Picha yangu ndiyo iliyotufikisha hapa," Zeituni akasema. Akamweleza yote mbele ya wanakamati, ile mistari miwili na jinsi alivyoikata. Wengine waliguna. Mmoja alimtukana waziwazi. Zeituni alisimama palepale mpaka akamaliza, kisha akanyoosha kalamu. Amolo akaichukua. Watu mia moja na kumi na wawili waliweka sahihi. Hemedi alikuwa wa mwisho. Aliandika jina lake bila kumtazama mkewe.

Ofisini karani alisema, "Acha hapo mezani, Mama. Tutaangalia."

"Nitangoja muhuri," Zeituni akajibu.

"Mwenye muhuri ametoka."

"Basi nitakaa." Akakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Saa tisa na nusu mwenye muhuri alionekana, akaipiga muhuri barua ya pili; kumbe alikuwa chumba cha pili siku nzima.

Siku ya kumi na saba jibu lilifika. Siku ya ishirini na nne mashine ikaja. Ilifanya kazi siku tano, ikala magugu na kuyatapika ufuoni. Maji yakaonekana tena. Ngege wa Amolo walikuwa hai. Zeituni hakungoja shukrani. Alijua magugu hurudi, kwa hiyo kamati iliandika barua ya pili siku ileile, kuuliza mashine itarudi lini. Tangu hapo, kila tangazo lilisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa ufuo, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho.

Siku ya tano ya kazi ya mashine, afisa alikuja na mpiga picha. Ni yuleyule wa tabasamu. Alipomwona Zeituni alifurahi.

"Wewe ndiye yule mama wa Facebook! Watu wanakupenda. Simama hapa mbele ya mashine, useme asante serikali. Maneno mawili tu, tuweke kwenye ukurasa wetu."

Watu wote wakasogea kumsikiliza Zeituni. Walijua ulimi wake. Hemedi pia alikuwepo, amesimama peke yake karibu na maji.

Zeituni hakufanya utani. Alinyoosha mkono kuelekea ziwani, mahali ambapo vizimba viwili vilielea kwenye maji safi.

"Pigeni picha ya vile," alisema. "Ni vya mume wangu. Andikeni kwamba ninyi mlileta wilbaro, na mimi nikaleta kicheko, na ndani hamna samaki hata mmoja."

Mpiga picha akateremsha kamera. Hemedi akageuka akamtazama mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile alipoacha chakula mezani.