Alichokiona Kapiteni Mgongoni

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo, Geneviève alipochukua mawese yake kwa Célestin, mchuuzi wa jumla, pale darajani Mpondwe. Alijitwisha debe akaanza kurudi Bwera, upande wa Uganda. Njia hiyo aliizoea. Tangu avuke mpaka mwaka wa sitini na nne, akikimbia vita upande wa Beni, alikuwa akiishi kwa kuuza mawese sokoni.

Lakini jioni hiyo miguu ilimkatalia.

Debe lilikuwa nusu tu. Uzito haukuwa kichwani. Ulikuwa mgongoni.

Kapiteni, mbwa wake wa rangi ya majivu, alikuwa ametangulia. Akasimama katikati ya njia. Akageuka. Akamtazama.

"Toka, Kapiteni. Mama iko muchovu."

Mbwa hakutoka. Hakubweka. Macho yake hayakuwa usoni mwa Geneviève. Yalipita kando ya sikio lake la kushoto, yakatua nyuma ya bega. Hapo hapo.

Geneviève aligeuka na debe lake. Njia ilikuwa tupu. Migomba tu, na moshi wa watu wanaopika.

Na harufu... harufu ya tope la mto, ya nguo iliyolowa ikaachwa bila kuanikwa.

Si mara ya kwanza kuisikia. Alikuwa amechoka mno hata kujiuliza inatoka wapi.

Uchovu huo ulikuwa wa miaka. Hospitalini walimchoma sindano, wakampa vidonge, wakasema ni malaria, baadaye wakasema ni huzuni. Alilala kifudifudi, kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Umri wake ulikuwa bado wa kuzaa, lakini alitembea ameinama kama bibi kizee. Na Kapiteni, tangu aletwe, hakuacha kumtazama. Akipika, anatazamwa. Akisali rozari, anatazamwa.

Loyi, jirani aliyempa chumba cha kupanga, ndiye aliyelisema kwanza.

"Mama Masika, hii mbwa haikuangalii wewe."

"Inaangalia nani?"

"Sijui. Twende kwa mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Nuwa, mwindaji wa Karambi aliyemgawia mbwa huyo. Walimkuta asubuhi akianika kahawa. Kapiteni hakumkimbilia bwana wake wa zamani. Aliketi, akamkodolea Geneviève. Nuwa aliyafuata macho ya mbwa, kisha akashusha yake upesi, akaendelea kutandaza kahawa.

"Ulibeba nani?" akauliza.

Geneviève hakuwa amemwambia mtu yeyote. Jina la Mama Masika alilileta mwenyewe kutoka ng'ambo, na watu wa Bwera wakamwita hivyo bila kuuliza Masika yuko wapi. Sasa alieleza, polepole. Walikimbia watu wengi, giza totoro. Masika, mtoto wake, alikuwa na homa, amefungwa mgongoni. Ndani ya msitu mtoto aliacha kulia, na mama akamshukuru Mungu, akidhani amelala. Kulipokucha ndipo alipojua. Alichimba kwa mikono kando ya njia, akamfukia, akaendelea kutembea kwa sababu wenzake walikuwa wanaendelea.

Nuwa aliacha kutandaza kahawa.

"Mbwa inaweza kuangalia mtu kwa mapenzi," alisema. "Lakini hii inaangalia ile kitu umebeba. Ukitaka, tunaiondoa."

"Mutoto wangu iko hapa?"

"Iko kitu."

Geneviève alisimama. Loyi hakuwahi kumwona akitabasamu namna ile.

"Musiguse mutoto wangu," alisema.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Alipika uji mwepesi akauweka kwenye kikombe kidogo. Alijifunga kanga mgongoni, tupu, akaikaza kifuani. Aliimba zile nyimbo za kubembeleza alizokuwa ameziacha msituni. Na alipoimba, kitu kilimjibu karibu na shingo. Mguno mdogo... mnene... wa chini.

Akajiambia, mtoto akikua, sauti hubadilika.

Uzito uliongezeka. Akaanza kutembelea fimbo kuvuka ua. Kapiteni sasa hakuingia ndani kabisa. Alilala mlangoni, kichwa juu, macho palepale nyuma ya bega.

Jioni moja Loyi alishindwa kuvumilia. Geneviève alikuwa ameinama akichochea moto. Loyi alichuchumaa kando ya mbwa, akafuta tongo kwenye jicho lake kwa kidole, akajipaka mwenyewe machoni. Watu wa milima ile wote wamesikia kwamba ukifanya hivyo utaona anachokiona mbwa. Wachache wamethubutu.

Geneviève alimwona, akaelewa. Moyo ukamdunda kwa furaha.

"Loyi," akanong'ona. "Unamuona? Amekuwa mukubwa?"

Loyi alikuwa akitazama nyuma ya bega la Geneviève.

"Sema, dada. Iko muzuri?"

"Mama Masika..." Midomo ya Loyi ilikuwa imekauka. "Miguu yake inaburuta chini."

"Si amekua..."

"Kichwa yake iko na mvi."

Moto ulipasuka. Kapiteni alilia kidogo puani.

"Inafanya nini?" Geneviève aliuliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Ilikuwa imelalia bega yako." Loyi alirudi nyuma hadi ukutani. "Sasa inaniangalia mimi."

Ndipo Geneviève alipomkumbuka yule mwanamke. Kule msituni, baada ya kumfukia Masika, alibaki na kanga tupu inaning'inia kiunoni. Mwanamke mmoja alimjia kwa nyuma. Hakumwona uso. Alinuka tope. "Acha nikufungie vizuri," alisema, na mikono baridi ikapitisha kanga kifuani, ikakaza fundo. Geneviève alidhani ni huruma. Alipogeuka kushukuru, hapakuwa na mtu.

Usiku huo Loyi alikwenda kumwita Nuwa, na kulipopambazuka mzee alimwingiza Geneviève katika Lubiriha, mto wa mpakani, maji hadi kiunoni. Loyi alibaki ukingoni na mbwa.

"Uiambie ishuke," alisema Nuwa. "Uiambie si yako. Ukiiita mwanangu hata mara moja, tumekwisha."

Geneviève alifungua mdomo. Akaufunga tena. Je, kama Loyi aliona vibaya? Je, kama ni Masika kweli, na mama yake ndiye anamtupa mtoni?

"Jina lako nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

 Maji tu.

Kisha kitu kilikohoa shingoni mwake, kikohozi kikavu cha mtu aliyeishi sana. Mikono ikamkaba koo.

"Shuka!" Geneviève alilia. "Hauko wangu! Wangu nilizika! Shuka!"

Mikono ilikaza... ikakaza... Akaona giza.

Ikaachia.

Alinyooka ghafla, mpaka akataka kuanguka kwa wepesi. Ukingoni, Kapiteni hakumtazama tena. Macho yake yalikuwa yanafuata kitu juu ya maji, polepole, kwenda chini ya mto, hadi ng'ambo, hadi kwenye matete. Hapo yakatulia.

"Ilikuwa nani?" Loyi alimuuliza Nuwa njiani.

"Watu wengi walikufa kwa ile barabara," alisema mzee, amechoka. "Wengine hawakukubali kubaki. Au ni mchawi tu, anajua kupanda watu mgongoni. Mimi sijui."

Geneviève hakuuliza. Alilia njia nzima, kwa sababu sasa alijua kwamba Masika hakuwa naye hata siku moja. Alikuwa kule kando ya njia, peke yake, miaka yote. Mgongo ulipona. Usingizi ulirudi. Lakini mkono wake uliendelea kwenda nyuma wenyewe, kupapasa mahali patupu.

Siku za soko alikaa na mawese yake pale barabara inapotoka darajani. Wakimbizi, wachuuzi, wote walipita hapo wameinama. Kapiteni alikaa kando yake akiwatazama migongoni, mmoja baada ya mwingine. Geneviève alijifunza kutofuata macho yake.

Siku moja alipita mwanajeshi na bunduki, kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kapiteni alimtazama mgongoni. Akainua kichwa. Akainua tena, juu zaidi, kama anayehesabu waliopandiana. Kisha akajikunja chini ya meza ya mawese, anatetemeka.

Mwanajeshi alisimama.

"Wewe mama! Hii imbwa inaniangalia nini?"

Geneviève aliinamia vikombe vyake vya kupimia.

"Iko na njaa tu, afande."