Vazi la Mama na Adabu ya Babu

Kila asubuhi Tulia alimpelekea Babu Ambilikile ndizi za kuchemsha. Mama yake, muuguzi Atupakisye, alizipika lakini hakuzipeleka. Kwa mila ya Kinyakyusa ambayo Babu aliishika kwa mikono miwili, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Mama akimwona mzee anakuja, hujitoma migombani.

Ndipo korona ikafika Rungwe. Asubuhi moja Tulia alimkuta Babu akihema kama amepanda mlima.

"Babu, twende kituo cha afya!"

"Mkwe wangu si yuko zamu huko? Anishike kifua mimi? Bora nife na adabu yangu!"

Kwa hofu, uongo ukamponyoka Tulia mdomoni. "Mama hayupo. Ameenda semina Mbeya."

Babu akachukua fimbo yake. Bodaboda ikaitwa.

Tulia alizuiwa nje, akachungulia dirishani. Akatokea muuguzi aliyefunikwa gubigubi: kofia, barakoa, miwani mikubwa, joho, glavu na buti. Kwa kuwa ndani ya mavazi hayo wauguzi walifanana kama mayai, kila mmoja alibandika plasta yenye jina lake kifuani. Tulia akaisoma: ATUPAKISYE!

Babu aliitazama ile plasta, kisha akafumba macho. Muuguzi akamwekea mpira wa oksijeni bila kutamka neno.

Jioni Mama alirudi na alama nyekundu za miwani mashavuni. "Ndani ya lile vazi tunaiva kama kande chunguni," alisema, akigugumia maji. "Kiu ikikushika, unasubiri mpaka ulivue."

Tulia akashindwa kuvumilia, akaeleza yote.

Mama hakufoka. "Kumtibu ni kazi yangu. Uongo ni wako. Akipona, utautua mwenyewe."

Babu akapata nafuu, akarudi nyumbani akidai ndizi kabla hajaketi. Tulia akampelekea. Je, Babu angekasirika na kuapa asitibiwe tena?

"Babu, nilikudanganya. Mama hakwenda Mbeya. Yule muuguzi..."

"Alikuwa mama yako," Babu akamalizia. "Kwani mimi kipofu? Nilisoma kifuani."

"Mbona hukukataa?"

Babu akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Nikatae nini? Uso wake sikuuona, sauti yake sikuisikia! Hata mababu zangu wasingemficha mkwe namna ile!"

Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sikiliza, Tulia. Mama yako alivumilia joto na kiu ili ugonjwa usitoke kwangu ukaingia kwake, wala kwenu nyumbani. Vazi lile limelinda pumzi zetu na heshima yetu. Wewe ulikimbilia uongo, kumbe ukweli wenyewe ungenitosha. Ungesema, 'Babu, Mama amefunikwa kuanzia utosini hadi unyayoni,' ningekuja mbio. Siku nyingine, jaribu ukweli kwanza."

"Nimesikia, Babu."

Mzee akamkabidhi jogoo mwekundu, zawadi kwa mkwewe. Halafu akaligeuzia mgongo jiko la Mama lililokuwa jirani, kama mila inavyotaka, akapaza sauti kijiji kizima kisikie:

"Ndaga fijo, muuguzi! Asante sana!"

Jikoni, Mama aliziba mdomo kwa khanga, lakini kicheko kikapenya.